Avenyu Iliyoota Majani

Nilirudi Kasongo kutoka Wamaza mwisho wa msimu wa mpunga, nimebanwa juu ya pikipiki kati ya dereva na magunia yangu, mgongo unauma, vumbi mpaka kwenye meno. Tulipoacha barabara kubwa ili tuingie mtaani, kwenye kartie yetu, dereva alifunga breki kwa ghafla.

"Mama, njia iko wapi?"

"Endelea mbele," nilimwambia. "Njia imenyooka mpaka kwetu."

"Mbele iko lupango, kiwanja ya mutu."

Nikamwona mjinga. Nilichungulia juu ya bega lake ili nimwonyeshe kwa kidole. Mbele yetu palikuwa na ua wa mianzi. Nyuma ya ua palikuwa na mihogo, na nyuma ya mihogo jiko jipya la matope lilikuwa likifuka moshi. Mbuzi aliyefungwa kwenye mti mdogo alinitazama kama mimi ndiye mgeni. Nilishuka. Nikaenda kulia, nikarudi kushoto, nikidhani labda tumekosea pa kuingilia. Hatukukosea. Kibanda cha fundi wa baiskeli kilikuwa palepale kwenye kona, na fundi mwenyewe alikuwa ameshika gurudumu lake kama siku zote. Avenyu ndiyo haikuwapo.

"Avenyu imekwenda wapi?" nilimwuliza.

"Avenyu gani?" Akafikiri kidogo. "Aa, ile ya salongo? Ilikwisha."

Ilikwisha! Utadhani ni chumvi.

Inabidi nieleze avenyu ile ilikuwa ya nani. Ilikuwa ya watu wote, sawa, lakini kwangu mimi ilikuwa ya mama. Miguu ya mama ilikufa baada ya ugonjwa mrefu, na parokia ikampatia baiskeli ya magurudumu matatu, ile inayoendeshwa kwa mikono. Siku ilipofika tulicheza ngoma uani. Kesho yake tukagundua kwamba haiwezi kutoka. Kartie yetu ilikuwa imeota kama uyoga. Miaka ya vita watu walikimbia kutoka vijiji vya Kabambare, kila mmoja akajenga pale alipotua mzigo wake, na siwalaumu, maana mtu anayekimbia habebi kamba ya kupimia. Lakini amani iliporudi tuliendelea kujenga vilevile kama bado tunakimbia. Mlango wa huyu ukatazama choo cha yule. Maji ya bati la jirani yakaangukia sebuleni kwa mwenzake. Vichochoro vikawa vyembamba hivi kwamba wanawake wawili wenye ndoo wakikutana, mmoja lazima arudi nyuma, na hapo ndipo ugomvi unapoanzia.

Kwa hiyo mama alikuwa akienda kanisani mgongoni mwa mdogo wangu. Alichukia jambo hilo kuliko ugonjwa wenyewe. "Sikuzeeka ili nibebwe kama mutoto," alisema. Ikawa Jumapili moja anakataa kwenda, na nyingine anakubali kwa shingo upande, mpaka akakataa zote. Baiskeli ilibaki chini ya paa, kuku wakataga mayai kwenye kiti chake.

Mara ya mwisho aliyokubali kubebwa ilikuwa kwenda kwenye mkutano kwa shefu wa kartie. Wanaume walikuwa wameongea mpaka wamechoka, habari za mifereji na taka na watoto wanaochezea kwenye maji machafu, wala hapakuwa na neno lililosimama. Mama akaomba nafasi.

"Miye siombi pikipiki, siombi nyumba," alisema akiwa ameketi chini. "Naomba mahali pa kupita tu. Leo ni miye. Kesho weye uko na homa, pikipiki itapita wapi kukufikia? Mutakufa wote ndani ya nyumba zenu na munganga iko barabarani anawangojea."

Kisha wakakubali, na hawakukubali kwa mdomo tu. Niliona kwa macho yangu mtu akibomoa choo chake, na mwingine akihamisha jiko. Jumamosi iliyofuata tulifanya salongo, kazi ile ya pamoja ambayo kila nyumba hutoa mtu. Tuliingia porini tukakata vijiti, tukavichomeka mstari mmoja ulionyooka, kutoka barabara kubwa mpaka kwenye chemchemi bondeni. Shefu akasema: sasa katikati ya avenyu imejulikana, Jumamosi ijayo tutapima kulia na kushoto, tuchimbe mifereji. Tulipiga makofi. Mama alijikokota mpaka kwenye kijiti kilichokuwa mbele ya nyumba yetu, akakishika, akakitikisa kuona kama kimesimama vizuri.

Jumamosi hiyo mvua ilinyesha. Nyingine palikuwa na msiba. Halafu msimu ukaita, watu wakatawanyika mashambani, na mimi nikaenda Wamaza na moyo mweupe kabisa. Ngoja ngoja yaumiza matumbo, lakini wakati ule tumbo langu lilikuwa limeshiba makofi.

Sasa nilikuwa nimesimama mbele ya mbuzi.

Niliyaacha magunia kwa fundi, nikaingia kartie kwa ubavu, kati ya ua na ua. Kilichonishangaza zaidi ya ule ua wenyewe ni kwamba hakuna aliyejificha. Mwizi hukwepa macho. Hawa waliniita kwa furaha, wakaniuliza habari za Wamaza, mpunga umekubali, safari ilikuwaje, na huku nimesimama ndani ya avenyu yangu wanayopikia sombe, majani ya mihogo! Nilikuwa nikijibu "nzuri, nzuri" kama mtu aliyepigwa rungu.

Jirani wa mbele yetu ni mzee Mwislamu anayeuza samaki wakavu wa Nyangwe. Huyu mzee, samaki wako akianguka kwenye kapu lake atakufuata naye mpaka msibani. Ua wake nao ulikuwa umesogea.

"Muzee, na weye?" nilimwuliza. Hata salamu sikumpa.

Hakukasirika. Alinishika mkono akanipeleka kwenye kile kijiti cha salongo. Hakikuwa kijiti tena. Kilikuwa na matawi, na majani mapana ya kijani yaliyojaa maji ya mvua.

"Ona," alisema. "Imeota."

"Naona imeota."

"Basi."

Hapo ndipo nilipoelewa. Kwetu, mpaka kati ya watu wawili hauwekwi kwa jiwe. Ni mti hai. Majirani wawili wanakata kijiti cha ule mti unaoshika ukiuchomeka tu, mmoja anakishika, mwingine anakanyaga udongo, na kikitoa majani basi ardhi yenyewe imekubali. Kutoka siku hiyo upande huu ni wako na ule ni wangu, mpaka wajukuu. Hakuna anayeung'oa peke yake. Atakayethubutu, hata ndugu zake hawatakula naye sahani moja. Unang'olewa na mikono miwili tu, ya wale wawili wanaoushiriki.

Na sisi siku ile ya salongo tulikata mti gani? Huohuo! Umenyooka, unakatika vyepesi, uko karibu, na mikono yetu imeuzoea. Hakuna aliyewaza, si shefu, si mwalimu, si mimi na mdomo wangu mrefu, kwamba kijiti kibichi katika udongo wa Kasongo mvua moja tu inatosha. Mstari mzima uliota. Watu waliamka wakakuta mpaka hai umepita kati ya nyumba za kulia na nyumba za kushoto. Ungefanyaje? Usipoufikia mpaka wako, wa mbele atasema umeukataa, na kesho atauvuka. Kwa hiyo kila mmoja alisogea mpaka kwenye mti wake, taratibu, kwa adabu, na hata mmoja hakumpita mwenzake. Sijaona mahakama iliyogawa kitu kwa haki namna ile. Avenyu iligawanywa katikati kama samaki, ikaliwa.

Nilicheka. Nilicheka mpaka mzee akaniangalia kwa wasiwasi, kisha kicheko kikageuka hasira.

"Nani alianza?"

Mzee akatazama chini, kwa mara ya kwanza tangu nifike.

"Uliza kwenu," alisema.

Mama alikuwa ameketi mlangoni akibambua karanga. Mbele yake, pale ambapo niliacha njia, kulikuwa na mihogo iliyokwisha kufika kifuani, na ua wa mianzi uliokwenda mpaka kwenye mti. Ua wetu. Ulikuwa umezeeka kuliko nyua zote nilizoziona njiani, mianzi imekwisha kuwa ya kijivu.

"Mama, nani aliweka ua huu?"

"Karibu, mwanangu. Umefika salama?"

"Mama, nani?"

"Miye. Nilituma mudogo wako."

"Weye? Si weye uliomba njia?"

"Niliomba njia. Lakini mti uliota." Alisema kama mtu anayesema mvua ilinyesha. "Udongo wa baba yako ningeuacha kati yetu na mpaka, watu waseme humu hamuna tena mutu?"

Nilikaa chini palepale, na nguo zangu za safari. Kikulacho ki nguoni mwako, wahenga hawakukosea. Nilikuwa nimejiandaa kwa wezi. Kwa mama sikujiandaa. Nililia, tena kwa sauti, na sioni haya kusema. Alikuwa amejifungia mwenyewe, kwa mkono wake, na kilichonikata maini zaidi ni kwamba alijua. Niliona jinsi alivyoigeuzia mgongo ile baiskeli chini ya paa. Tangu mihogo ile ipandwe hakuwa ametoka nje ya ua, na kama mambo yangebaki hivyo, asingetoka tena ila kwa jeneza, na sijui hilo jeneza lingepita wapi.

Siku zile sikuongea na mtu kwa uzuri. Nilikwenda kwa shefu nimefura. Alinikaribisha, akaagiza chai.

"Nifanye nini, mama?" alisema. "Mpaka wa watu siwezi kuung'oa. Nikiung'oa mumoja, kesho watang'oa yote, na hapo itakuwa panga."

"Lakini ile si mipaka! Ni alama za avenyu!"

"Inaota," shefu alisema kwa huzuni.

Ndipo nikatazama nje ya dirisha lake nikaona ua wake nao umesogea, na maharage mazuri yanapanda kwenye mti. Niliiacha chai mezani.

Aliyetuokoa ni yule mzee wa samaki. Asubuhi moja alikuja kumsalimia mama, akasimama upande wake wa mti, mama akasogea upande wetu, na mimi nikawa nafagia karibu ili nisikie.

"Mama," mzee alisema, "huu mpaka tuliupanda weye na miye?"

"Hapana. Ni salongo iliupanda."

"Basi hauna mikono."

"Hauna mikono, lakini uko hai," mama alijibu. "Na tukiung'oa, tutabaki bila mpaka, kama wanyama?"

"Tutapanda ingine. Weye yako karibu na nyumba yako, miye yangu karibu na yangu. Kati yetu itabaki njia, si ya mutu."

Mama akaushika mti, akautikisa. Nilijua anatafuta kosa, maana ndivyo alivyo.

"Mpaka uko na mikono miwili," alisema hatimaye. "Mumoja ni wangu. Mukono wa pili utakuwa wa nani?"

"Wa ule atapita," mzee alisema.

Nilisimamisha ufagio. Mama alimwangalia mzee kama amemwona leo, na ni miaka mingi wanaishi uso kwa uso.

Walishika mti pamoja, mama amekaa chini, mzee ameinama na kanzu yake imekunjwa magotini. Nilidhani utawashinda, nikasogea nisaidie, wakanikemea wote wawili kwa pamoja. Mti ukatoka kwa mkupuo, mizizi na udongo na nyungunyungu, na mama akaanguka chali. Nikapiga kelele. Alikuwa anacheka! Amelala kwenye mihogo yake, udongo usoni, anacheka kama msichana. Jioni hiyohiyo tulichomeka kijiti kipya karibu na nyumba. Mama alikishika, na mwanamke aliyekuwa anapita kwa ubavu kwenda chemchemini aliitwa, akatua ndoo yake, akakanyaga udongo bila kujua anakanyagia nini. Alipoelezwa alisema, "Ee! Na miye niko na mpaka hapa?" akaenda kuwasimulia wenzake bondeni.

Habari ilikwenda mbio kuliko yeye. Mimi na mdogo wangu tulilowa jasho tukikata mihogo, mama akapakua mayai ya kuku kwenye kiti, akapanda baiskeli yake. Kila majirani wawili wakifungua njia, yeye anasogea mpaka kwenye mti unaofuata na kukaa hapo. Ni vigumu kupika wali wako wakati mwanamke mzee amekaa kwenye ua wako anakutazama. Wapo waliong'oa siku hiyohiyo. Wapo waliokuwa hawasalimiani tangu zamani, wakashika mti mmoja kila mtu ametazama kwake. Shefu alivuna maharage yake kwanza, kisha akang'oa.

Tukafika kwa mbuzi.

Pale ndipo palipokuwa mwisho, ukuta wa mwisho kabla ya barabara kubwa. Upande mmoja wa mti ni fundi wa baiskeli, ambaye alikuwa tayari hata jana. Upande wa pili ni mwanamke kijana, mwenye lile jiko jipya, na mume wake anachimba dhahabu Lusangi.

"Mukono wangu si mukono wa hii parseli, kiwanja si yangu," alisema. "Bwana yangu haiko. Akirudi akaniuliza mpaka iko wapi, nitasema nini? Atanifukuza."

Nikamjibu vibaya. Nilimwambia watu wote wamefungwa kwa sababu ya mbuzi mmoja. Mama akaniamuru ninyamaze, mbele za watu, na umri wangu huu.

"Hana makosa," alisema. "Anaogopa kama nilivyoogopa."

Kuanzia hapo mama alikuwa akiondoka nyumbani asubuhi na ungo wake wa karanga, anaendesha kwa mikono yake mpaka kwenye ule mti, anabambua karanga zake, na jioni anarudi. Hakuomba lolote. Yule mwanamke mwanzoni alifunga mlango. Halafu akamletea maji. Halafu akaleta kigoda chake, akakaa karibu, akaanza kubambua naye, na nikawasikia wakiongea habari za karanga na za tumbo la mtoto linalouma.

Nilikuwepo siku ile mama alipomwonyesha viganja vyake. Vilikuwa vimechubuka kwa vishikio vya baiskeli, na udongo mwekundu umeingia kwenye nyufa, hautoki hata kwa sabuni.

"Bwana yangu iko chini ya udongo," alimwambia. "Mpaka wa parseli yake niliung'oa na hii mikono. Hajarudi kuniuliza."

"Wangu atarudi," yule mwanamke alisema upesi.

"Ndiyo, atarudi. Na siku atarudi, kama shimo lilimuangukia, wenzake watamupitisha wapi?"

Yule mwanamke aliacha mikono yake juu ya ungo. Nilimwona akigeuka kuutazama ua wake, mianzi ile aliyoifunga mwenyewe, kisha jiko, kisha mlango wa nyumba yake nyuma kabisa, na uso wake ukabadilika rangi. Nadhani alikuwa akijaribu kuwapitisha watu wanne na machela, akaona hawapiti. Aliinuka. Alimfungua mbuzi. Akamwita fundi, na fundi akaja mbio na mikono yake ya grisi, na wakati wanaushika mti yule mwanamke alifumba macho.

Jiko lake tulilijenga upya kando, sisi sote. Kijiti chake kipya mimi ndiye niliyekanyagia udongo, kwa kuwa nilikuwa napita.

Ua ulipoanguka, mama hakungoja tuondoe mianzi. Alipita juu yake, magurudumu yakilia, mpaka ukingoni mwa barabara kubwa, akasimama. Alikuwa hajaiona peke yake, bila mgongo wa mtu, tangu miguu yake ife. Alitazama kulia, akatazama kushoto. Maduka yalikuwa yamejipanga pande zote, pikipiki zinapishana, mabati mapya yanang'aa mpaka juu kilimani ambako sisi tulikuwa tukiokota kuni. Mdomo wake ulikuwa wazi.

"Watu wote hawa," alisema, "na wanapita wapi?"

Nilidhani ataomba turudi. Nilijipanguza mikono, nikasogea nishike kiti kwa nyuma ili nimgeuze. Yeye akainama mbele, akashika vishikio, akaingia barabarani upande wa parokia, ambako njia inateremka. Nilimwita. Nilivua viatu, nikavishika mkononi, nikamkimbilia, na sikumfikia.